Makabrasha ya Maalim, Kiponda: nilivyomsoma Pipo wa Ozora

Ukiingia Kiponda kutoka upande wa Darajani, kabla njia haijabana, kuna duka la vitambaa lenye mlango wa kuchonga, na ubavuni mwake mlango mdogo usio na kibao. Panda ngazi. Juu kuna chumba cha kusomea cha mwalimu mstaafu ambaye wateja wote tunamwita Maalim, na humo inatolewa huduma ambayo sijaiona pengine popote Unguja. Unamwambia jambo unalotaka kulijua, anakaa nalo wiki kadhaa, kisha anakukabidhi kabrasha la Kiswahili lenye maelezo, ramani, picha na orodha ya tarehe. Naandika haya kwa sababu chumba hiki kinaishi kwa watu kuambizana, nami nataka kiishi.

Bei ni shilingi 30,000 kwa mambo ya hapa kwetu Afrika Mashariki na 45,000 kwa mambo ya mbali. Nusu unalipa unapoagiza, nusu unapopokea. Ukitaka kusomea pale pale, meza ipo, feni ipo, na kahawa ya birika na kashata haikosekani wala hutozwi. Ukitaka kulichukua nyumbani kabrasha la mtu mwingine aliyekubali lisomwe, unaacha dhamana ya 10,000 na unarudishiwa yote.

Mimi ni wakala wa kutoa mizigo bandarini Malindi. Siku zangu zinakwenda kwa manifesti, ankara na stakabadhi za ushuru, na mtu asiyeijua kazi hii hudhani ni kazi ya kugonga mihuri tu. Mteja mmoja, mzee kutoka Hungaria, alikuwa anasafirisha kwao mkoa wa Tolna kasha la Kizanzibari, lile la msaji lenye misumari ya shaba. Tulipokuwa tukisubiri karatasi zitoke, akanionyesha kwenye simu ngome ya mraba iliyo katika kijiji cha Ozora. Aliyeijenga, akaniambia, alianza maisha kwa kuhesabu mali za watu wengine, na akafa akiwa mlinzi wa mpaka wote wa kusini wa ufalme. Mtu wa hesabu na ushuru kama wewe, mama. Wiki ile ile nilipanda ngazi za Kiponda.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja na nani?"

Nikamtajia jina: Pipo wa Ozora. Hakuandika kitu kwanza. Aliniuliza, "Unataka vita vyake au unataka kazi yake?" Nikamjibu kazi yake. "Basi tutaanza na chumvi," akasema, na akalichukua jina katika daftari lake. Kwangu, swali lile peke yake lilistahili nusu ya ada. Ninao ndugu waliosoma mbali sana ambao hawajawahi kuulizwa na yeyote wanataka kujua nini hasa.

Kabrasha lenyewe ni kurasa arobaini na kitu, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi. Ukurasa wa kwanza unaeleza cheo kabla ya kumweleza mtu, na hapo ndipo nilipoanza kuiamini kazi ya Maalim. Ufalme wa Hungaria uligawanywa mikoa, na kila mkoa ulikuwa na mkuu aliyeitwa ispán. Mfalme alimteua, mfalme alimwondoa. Katika karne za mwanzo ispán alikuwa akiongoza ngome ya mkoa na watu wake, anasikiliza mashauri, anakusanya mapato, na theluthi ya mapato hayo ilikuwa haki yake. Baadaye mambo yakabadilika: makabaila wa mkoa wakawa na mahakimu wao waliowachagua wenyewe, wanne kwa kawaida, wakikaa barazani pamoja na ispán au naibu wake. Ispán mkubwa mara nyingi alikuwa safarini na mfalme, kwa hiyo naibu ndiye aliyeshika kazi ya kila siku. Kufikia zama za Pipo, mkuu wa mkoa alishika ngome za mfalme na kula mapato yake kwa muda wote aliokaa kwenye cheo. Cheo kikiondoka, mapato yanaondoka nacho. Watoto wake hawakirithi.

Nimelisoma hilo mara nyingi, kwa sababu sisi tulikuwa na maliwali wa Sultani, na wazee wetu wanajua maana ya mtu kupewa mji mzima kwa barua moja na kunyang'anywa kwa barua nyingine.

Halafu anaingia Pipo. Jina lake kamili Filippo Scolari, kazaliwa 1369 Tizzano, karibu na Florence, katika ukoo wa heshima uliokuwa umeishiwa. Hakwenda Hungaria na jeshi wala na barua ya mfalme yeyote. Alikwenda akiwa kijana, amechukuliwa na mfanyabiashara wa kwao, akajifunza biashara Buda, sehemu ya Budapest ya leo, kisha akaingia kwenye nyumba ya askofu mkuu wa Esztergom kushika hesabu zake. Hapo ndipo kuna kisa ambacho wasimulizi wa maisha yake wanakipenda. Mfalme Sigismund alikuja Esztergom, wakubwa wakawa wanazungumzia kuweka wapanda farasi 12,000 kulinda mto Danube dhidi ya Waturuki. Ikaulizwa: itagharimu kiasi gani? Wakuu wote wakababaika. Akaitwa yule karani wa Kiitalia, akapiga hesabu pale pale na kuleta jumla. Mfalme akamtaka kwa askofu.

Pembeni ya kisa hiki Maalim ameandika kwa penseli neno moja: hadithi. Na hapa lazima nisimame, kwa sababu hiki ndicho kinacholifanya kabrasha lake liwe tofauti na vitu vyote ninavyovisoma kwenye simu. Kila habari ina alama yake pembeni. Ikitoka kwa wasimulizi walioandika baadaye ili kumsifu au kumchafua mtu, anaandika hadithi. Ikisimama juu ya barua, ruzuku au mkataba wa wakati ule wenye tarehe, anaandika hati. Hadithi haitupi, anaiacha uisome na uifurahie, lakini huwezi kuondoka hapo ukidhani umeshika hati. Kwa mtu wa forodha hii ni heshima kubwa. Mzigo unaweza kuwa na maelezo mazuri kuliko yote duniani, na bila karatasi hautoki getini.

Tena amenieleza hati zenyewe zinapatikanaje. Hifadhi ya taifa ya Hungaria imeweka kwenye intaneti picha za hati za kale zaidi ya laki moja, zote za kabla ya 1526, mwaka ambao ufalme ule ulivunjika vitani Mohács. Zile zilizobaki nje ya mipaka ya leo, Slovakia, Romania, Croatia, zilipigwa picha na kuunganishwa humo. Yeyote anaweza kuzitazama bure, hata aliyekaa Kiponda. Maalim amechapisha moja kama mfano, Kilatini kitupu, mistari imebanana, chini alama ya muhuri. Sikuweza kusoma hata neno, lakini niliitazama muda mrefu. Karani fulani aliinama juu ya ngozi ile ili jambo lijulikane, na linajulikana hadi leo.

Sasa chumvi. Sehemu hii ndiyo moyo wa kabrasha, na Maalim ameipa kurasa nyingi kuliko vita vyote vikijumlishwa. Chumvi ya Hungaria haikuwa ya bahari kama hii yetu ya mashamba ya chumvi. Ilikuwa ya mwamba, ikichimbwa Transylvania, Torda, Dés, Szék na Kolozs, ikikatwa mapande na kuteremshwa kwa vyombo vya mtoni kwenye mto Maros na mto Szamos. Yote ilikuwa haki ya mfalme. Njiani na mwisho wa safari kulikuwa na vituo vya kifalme vyenye maghala, watumishi na bei zilizopangwa, Lippa na Szeged zikiwa miongoni mwavyo. Baada ya kusimamia machimbo ya dhahabu ya Körmöcbánya, Pipo alikabidhiwa vituo hivi vyote vya chumvi mwanzoni mwa miaka ya 1400, akavishika kwa muda mwingi wa maisha yake yaliyobaki.

Fikiria kazi hiyo. Mali inayeyuka ikilowa. Inasafiri mtoni. Kila kituo kina mtu anayeweza kupunguza kidogo. Mfalme anadaiwa na kila mtu na anataka fedha jana. Kuna chumvi ya magendo inayoingia kutoka nje kwa bei nafuu. Na wewe ni mgeni, lugha ya nyumbani kwako si ya kule, na makabaila waliozaliwa na ngome mikononi wanakutazama. Nimekaa bandarini miaka mingi, na nasema wazi kwamba mtu aliyeweza kuifanya kazi hiyo ikaleta fedha mwaka baada ya mwaka alikuwa na kipaji kikubwa kuliko cha kushika upanga. Maalim anasema vivyo hivyo kwa upole zaidi: anaonyesha kwamba vyeo vya kivita vilimfuata Pipo baada ya vyeo vya fedha, kwa mfuatano huo, na anakuachia uone mwenyewe.

Hapo Maalim ameweka karatasi ya rangi ya manjano yenye mambo ya kwetu, kama anavyofanya kwenye kila kabrasha la mbali. Anakumbusha kwamba Seyyid Said aliikodisha forodha ya Unguja kwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch, aliyekuwa akilipa kiasi maalumu kila mwaka na kinachozidi ni chake. Na kwamba baadaye, chini ya Seyyid Barghash, Taria Topan akaishika. Tofauti anaitaja: wa kwetu walikodi, Pipo aliteuliwa. Nalipita jengo la Taria Topan kila asubuhi, ile zahanati ya kale ya Mizingani yenye roshani za kuchonga, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1887. Kuanzia niliposoma kabrasha hili siwezi kulipita bila kuwaza kwamba fedha ya forodha, popote duniani, hugeuka kuwa mawe.

Ila kwenye karatasi hiyo hiyo kuna jambo ambalo sikubaliani nalo, na nilimwambia. Maalim amemlinganisha Pipo na Lloyd Mathews, yule ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeliunda jeshi la Seyyid Barghash kuanzia 1877, akawa waziri wa kwanza wa serikali ya Zanzibar 1891 na kufia hapa 1901. Kweli wote wawili ni wageni waliopanda katika nyumba ya mtawala wa kigeni. Lakini nyuma ya Mathews kulikuwa na manowari. Nyuma ya Pipo hakukuwa na chochote. Florence haikuwa na askari hata mmoja Buda. Sigismund angemfukuza asubuhi, mchana asingekuwepo mtu wa kuuliza. Maalim alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hoja yako ina uzito, mwanangu," akachukua penseli na kuiandika pembeni ya nakala yake. Huduma gani nyingine utakayolipia ambayo inachukua neno la mteja namna hiyo?

Kinachofuata ni miaka ya misukosuko, na Maalim anaisimulia vizuri sana. Mwaka 1396 Sigismund na wapiganaji waliotoka nchi nyingi za Ulaya walivunjwa na Sultani Bayezid pale Nicopolis, na mfalme akatoroka kwa chombo kwenye Danube. Mwaka 1398 Pipo alimuoa Borbála, binti wa András wa Ozora, na kwa ndoa hiyo akaingia kwenye tabaka la wenye ardhi. Mwaka 1401 makabaila wa Hungaria walimkamata mfalme wao wenyewe na kumweka kizuizini kwa miezi. Mwaka 1403 wengi wakamwasi tena wakimtaka Ladislaus wa Naples, naye akavuka bahari na kuvikwa taji Zadar. Katika mtihani wote huo Pipo alibaki upande wa Sigismund, na 1403 alipigana kwa ajili yake. Malipo yakaja 1404: mkoa wa Temes.

Pembeni: hati.

Temes ulikuwa mkoa wa mpakani, makao yake ngome ya Temesvár, ambapo mfalme Charles wa Kwanza alipafanya makazi yake karibu miaka mia moja kabla. Pamoja nao Pipo alishika mikoa mingine ya jirani kama Csanád, Arad na Krassó, ili upande wote wa kusini uwe na amri moja, ghala moja na mfuko mmoja. Chumvi ilishuka Maros, fedha yake ikalisha ngome. Alikaa kwenye cheo cha Temes miaka 22, hadi kufa kwake, na kwao Florence watu wakamwita kwa cheo hicho, Pipo Spano.

Mimi ni Muislamu, na msomaji wangu wa Unguja bila shaka anajiuliza kama inawezekana kumsoma mtu huyu ambaye sifa yake yote ya vita ni kupigana na Waturuki. Inawezekana, kwa sababu Maalim hakuandika kitabu cha upande mmoja. Anaeleza kwa nini Hungaria ilipata nafasi ya kupumua: 1402 Timur, mtawala wa Asia ya Kati, alimshinda Bayezid pale Ankara na kumkamata, na wana wa Bayezid wakapigania ufalme wao kwa wao mpaka 1413. Katika nafasi hiyo Stefan Lazarević wa Serbia akajiunga na Sigismund, na Pipo akapata muda wa kuupanga mpaka. Wangekuwa Waosmani wameungana miaka ile, hadithi ya Temes ingekuwa nyingine. Haya yameandikwa bila kejeli kwa mtu wa dini yoyote, nami namshukuru kwa hilo.

Mambo ya 1408 (aliingia kwenye Jumuiya ya Joka iliyoundwa na mfalme na malkia wake) na ya Mtaguso wa Constance, mkutano mkuu wa Kanisa, yamepitiwa haraka, na ni sawa tu yapitiwe haraka. Vita vya Venice ndivyo vilivyonikamata tena. Yule Ladislaus aliposhindwa kuipata Hungaria, 1409 aliwauzia Wavenice haki zake za Dalmatia kwa dukati 100,000. Pwani nzima ikauzwa kama shamba la mikarafuu. Sigismund hakukubali, na mwishoni mwa 1411 Pipo, Mtaliano, akashuka na jeshi la Hungaria hadi Italia ya kaskazini, akaingia Udine, Feltre na Belluno. Kisha akarudi. Wavenice walikuwa bado wamesimama, na 1413 yakaandikwa mapatano ya miaka mitano.

Kwa nini alirudi? Uvumi ulisema amekula dhahabu ya Venice. Na uvumi una miguu: ikazuka hadithi kwamba mfalme alimwadhibu kwa kummiminia dhahabu ya moto mdomoni. Maalim ameisimulia, akaweka alama yake ya hadithi, na chini yake akaorodhesha kwa utulivu vyeo na safari zote za Pipo baada ya hapo, mpaka mwaka wa kifo chake, miaka kumi na minne baadaye. Hakusema zaidi. Nimewahi kuona watu wema wakichafuliwa bandarini kwa neno moja la rushwa lisilo na karatasi, na ukurasa huo niliusoma kwa uchungu.

Kushindwa kwake nako kumo. Januari 1422 jeshi la Sigismund lilivunjwa na Wahussi, wafuasi wa mhubiri Jan Hus, wakiongozwa na Jan Žižka huko Bohemia, Ucheki ya leo, Německý Brod ikachukuliwa, na Pipo alikuwa miongoni mwa makamanda. Kabrasha ambalo lingemficha mkubwa wake siku hiyo nisingelilipia.

Kuna suala la jamaa. Andrea Scolari, wa ukoo wake, alikuwa askofu wa Várad kuanzia 1409 hadi 1426, na ndugu yake Matteo naye alifanya maisha yake Hungaria. Mtu anaweza kuona hapo upendeleo tu. Mimi naona pia mgeni aliyehitaji watu wawili watatu ambao angeweza kulala na kuwaachia funguo. Yote mawili ni kweli, na Maalim ameyaandika yote mawili.

Ngome ya Ozora yenyewe alipata ruhusa ya mfalme kuijenga 1416. Ni ya mraba, ina uwanja katikati, imejengwa kwa ladha ya Italia, na leo ni makumbusho. Mafundi wa Florence waliitika wito wake: mchoraji Masolino alikwenda Hungaria 1425 kumfanyia kazi, na kabla yake Manetto Ammannatini, seremala ambaye Florence nzima ilimjua kwa jina la Mnene. Kazi za Masolino za kule hazikubaki. Pipo alifariki tarehe 27 Desemba 1426 huko Lippa, mji ule ule wa maghala ya chumvi kwenye mto Maros, na akazikwa Székesfehérvár, walikozikwa wafalme wa Hungaria. Karani wa askofu kulala jirani na wafalme! Mnamo 1450 hivi Andrea del Castagno akamchora ukutani katika nyumba moja nje ya Florence, pamoja na makamanda wengine wawili, wanawake watatu na waandishi watatu, Dante akiwemo. Kasimama na miguu kaitanua, upanga kaukunja kwa mikono miwili kama ufito. Picha hiyo sasa iko Uffizi.

Sasa kasoro, na naziandika kwa sababu naipenda kazi hii. Picha ya Castagno imechapishwa kijivu, kwa printa iliyoishiwa wino. Picha ile ni ya rangi, na mtu anayelipa 45,000 anastahili ukurasa mmoja wa rangi, hata kama utaongezwa 2,000. Ramani nayo ni ndogo mno, mito haionekani vizuri, na habari nzima ya chumvi inategemea mito. Miji imetajwa kwa majina ya Kihungaria ya zamani bila majina yake ya leo: nilitafuta Temesvár kwenye simu nikaikuta Timișoara, Romania, Lippa sasa ni Lipova, Romania pia, Körmöcbánya ni Kremnica, Slovakia. Jedwali la nusu ukurasa lingetosha. Kabrasha lilichelewa wiki mbili kuliko tulivyoagana, na simu ya Maalim mara nyingi haipokelewi. Inabidi upande mwenyewe uulize. Ngazi ni za zamani, zimesimama wima, hazina pa kushika. Mama yangu alitaka kuja kusoma habari za mashamba ya Pemba akashindwa njiani.

Kasoro kubwa kuliko zote ni Borbála. Kapewa nusu ukurasa. Ozora ilikuwa kwao. Mume alikuwa Temesvár, Italia, Constance, Bohemia, na nyumba ilikuwa na mtu aliyebaki. Nani alipokea hesabu za shamba? Nani alisimama na mafundi wakati kuta zinapanda? Nilimweleza Maalim hivyo bila kuficha.

"Mwanangu, nimeandika nilichokikuta."

"Basi Maalim, tafuta tena. Nitalipia."

Hakukasirika. Amelifungua daftari na kuandika Borbála wa Ozora, na chini yake jina langu, na nimeshaacha nusu ya ada.

Nani aende? Walimu wa skuli waende, hasa wa historia, kwa sababu Maalim huwapunguzia walimu theluthi ya bei. Watembeza wageni wa Mji Mkongwe waende: Wahungaria wanakuja Unguja, na mgeni anayesikia habari za Ozora kutoka kwa mwenyeji wa Kiponda hatakusahau. Wenye kazi kama yangu waende zaidi ya wote, makarani, washika stoo, wapima mizigo, mahasibu wa mashirika madogo. Mwanafunzi anayetaka kunakili kazi ya darasani asiende. Maalim atamuuliza maswali mpaka ajue kwamba hakusoma.

Kabrasha la Pipo nimekubali lisomwe na wengine, kwa hiyo ulizia rafu ya pili, upande wa dirisha, gamba la buluu. Pafunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, halafu baada ya alasiri mpaka karibu na magharibi. Ijumaa ni asubuhi tu. Nenda na fedha taslimu na chenji, mtandao wa malipo pale ghorofani haushiki.